Uchambuzi wa kisa: Mpiga kinanda wa kwaya, vyuo vitatu vya muziki na daftari la mlangoni

Kisa hiki ni cha kweli ila nimetoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Vyuo nimeviita A, B na C, mikoa sitaji, na mwenyewe nitamwita binti tu. Yeye na mama yake wamekubali niandike kwa sababu kila mwaka kuna vijana wa kwaya wanauliza swali lile lile, "mwalimu nataka kusomea muziki, niende chuo gani?", na jibu la kutaja jina la chuo halisaidii mtu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nilikuwa mshauri, na safari moja niliongozana nao.

Alikotokea

Binti alikuwa na miaka 20, anapiga kinanda parokiani tangu yuko form two. Kinanda chenyewe ni kile cha funguo 61 ambacho karibu kila kigango kinacho. Alifundishwa na kaka aliyekuwa anapiga kabla yake, sio shuleni, maana shule yake haikuwa na somo la muziki na shule nyingi hazina. Solfa anaisoma bila kusita, umpe nota ya sauti nne asubuhi, jioni anafundisha soprano na tena kwa mpigo. Stafu, ile mistari mitano ya kuandikia nota, hajawahi kuigusa.

Hapa niseme kidogo kwa sababu ndio kiini cha mengi yaliyofuata. Solfa yetu ya herufi, d r m f s l t, ilikuzwa Uingereza karne ya 19 na John Curwen, wamisionari wakaileta huku ikashika kweli kweli. Uzuri wake ni kwamba do inahama. Juu ya karatasi wameandika Do ni G au Do ni A flati, kwa mwimbaji ni kitu kimoja, anasoma vile vile. Sasa mpiga kinanda naye kagundua kuna kitufe cha transpozi, kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote, kwa hiyo anapiga kila kitu kwenye C, kitufe kinamalizia kazi, waumini wanaimba na misa inaisha salama. Nusu ya wapiga kinanda ninaowajua wameishi hivyo miaka na miaka na wala sio wavivu, hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kuna tatizo.

Form six alisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), akapata C, D na E. Ukichukua mbili za juu ni pointi 5, na kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kuingia digrii ni pointi 4.0 kwa masomo mawili, kwa hiyo mlango wa chuo kikuu ulikuwa wazi. Shida ilikuwa muda. Alimaliza mtihani, akaenda JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo na dirisha la udahili vikamkuta kambini, karudi hana hata chuo kimoja alichokiona kwa macho. Mama akamwambia mwanangu tulia mwaka huu, twende tukavione. Uamuzi wa kwanza mzuri kwenye kisa chote huo, na umetoka kwa fundi cherehani ambaye hajui tofauti ya piano na kinanda.

Mlipaji alikuwa baba mdogo. Yeye masharti yake mafupi: iwe digrii, na mwisho wa siku iwe na ajira, ikiwezekana ualimu. "Muziki mtu anaenda kusomea nini, si unaimba tu?" Hakuwa mkali, alikuwa anauliza kweli.

"Kozi ya muziki" sio kitu kimoja

Kabla ya safari yoyote tulikaa tukaangalia nini kipo. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, ikawa wakala wa serikali 2007, muziki pale unakaa nyumba moja na ngoma na maigizo. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries tangu 2002, pale mtu anajifunza ala za nyuzi za udi na kanuni, taarab na ngoma za visiwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa, Makumira kule Arusha wana muziki ndani ya chuo kikuu cha kanisa. Ukivuka mpaka kuna Kenyatta Nairobi na Makerere Kampala. Hawa wote wanaandika "muziki" kwenye fomu lakini mtoto atakayetoka huku na atakayetoka kule wanaweza kukutana wasiwe na wimbo mmoja wa kupiga pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa binti halikuwa chuo kipi bora, lilikuwa wewe unataka kutoka ukiwa unafanya nini. Alijibu baada ya siku kadhaa: kupiga piano vizuri, kuandika muziki wa kwaya, na kufundisha. Ndio tukachagua vitatu vya kutembelea, A ngazi ya diploma, B na C digrii.

Ziara ya kwanza: chuo B

Walienda siku ambayo chuo kilitangaza kupokea wageni. Na kiukweli ilikuwa siku nzuri, bendi ya wanafunzi jukwaani, mabango, soda, studio ya kurekodia yenye kiyoyozi na spika kubwa, binti akapiga picha kila kona. Alirudi anaongelea studio tu. Mama kauliza mwalimu wa piano umemwona? Hakumwona, ila jina lake liko kwenye kipeperushi. Vyumba vya mazoezi? Vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya shughuli. Umesikia mtu anapiga piano? Hapana, ilikuwa bendi.

Hakuna ubaya chuo kujipamba siku ya wageni, hata sisi kwaya siku ya askofu tunavaa sare mpya. Ila ile siku inakuonyesha jinsi chuo kinavyoandaa shughuli, basi. Binti alitaka kujaza fomu siku ile ile, mama akasema kwanza tuone vingine.

Ziara ya pili: chuo A

Hii ndio nilienda nao. Jumanne ya kawaida, hatukuwa na miadi zaidi ya kupiga simu ofisini siku moja kabla. Majengo ya zamani, rangi imetoka, na tangu getini unasikia mtu anarudia mstari mmoja wa besi, anakosea pale pale, anarudia. Mama akaniuliza huyu vipi, nikamwambia huyo ndiye tuliyekuja kumsikia.

Kwenye mlango wa chumba cha piano kulikuwa na daftari la kaunta limefungwa kwa kamba kwenye kitasa. Majina na saa. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, kurasa zimejaa, wengine wamefutwa, pembeni mtu kaandika kwa peni nyekundu "umezidisha dakika kumi tena". Nikamwambia binti soma hilo daftari kabla hujasoma kipeperushi. Ndani piano mbili za ukutani, moja ina funguo tatu zilizolala, ukibonyeza hazirudi, na nyingine iko sawa ila imeshuka sauti. Piano akustiki kwenye joto na unyevunyevu wetu inahitaji fundi wa kuiweka sawa sauti mara kwa mara na mafundi hao ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo hili sio la kushangaa, la kuuliza ni lini mara ya mwisho fundi alikuja. Walijibu bila kuficha, muda mrefu.

Tukaenda kibanda cha chipsi nje ya geti, tukakaa na wanafunzi wa mwaka wa pili. Hao ndio wa kuwauliza, wa kwanza bado wana ndoto na wa tatu mawazo yao yako kwenye kuondoka. Walisema mwalimu wa piano sio wa kuajiriwa, anakuja kwa wiki mara mbili, mzuri sana, akiumwa hakuna mwingine. Walisema pia diploma ni ya mkono, unapiga mpaka basi, nadharia ni ya wastani.

Pesa ndio ikaleta kizingiti. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa diploma ulianza mwaka wa masomo 2023/24 lakini ni kwa fani za kipaumbele, mama akapitia orodha, muziki haumo. Maana yake A ni mfuko wa baba mdogo mwanzo mwisho, na sharti lake la digrii linabaki pale pale.

Ziara ya tatu: chuo C

Hapa waliandika kwanza ujumbe kwa idara, wakaomba kitu kimoja tu, kama kuna mhadhiri anaweza kumsikiliza binti kwa nusu saa. Wakapewa siku.

Mhadhiri akamkalisha kwenye piano ya funguo 88, akamwambia piga wimbo wowote wa kanisani unaoupenda. Akapiga, vizuri tu, kwenye C. "Sawa, huo huo nipigie kwenye A flati." Mama anasema mkono wa kushoto wa binti ulienda juu ya piano kutafuta kitufe. Hakuna kitufe. Akajaribu, akaanza kuhesabu funguo nyeusi, wimbo anaoupiga kila Jumapili ukamvunjikia mstari wa kwanza. Kisha mhadhiri akachora stafu, akaandika miraba minne, yaani vipimo vinne vya wimbo, soma hii. Akaweka kidole mstari wa chini akawa anapanda nao, E, G, B, hesabu ya kidole, mraba mmoja ukachukua muda mrefu mpaka yule mzee akafunga karatasi.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nakisifia mpaka leo. Akamwambia simama, mimi naimba melodia nisiyokuambia, wewe niwekee alto. Akaimba, na binti akaingia papo hapo, mara ya pili akaweka tena. Mara ya tatu mhadhiri akabadilisha melodia njiani kwa makusudi, binti akamfuata bila kutetereka. Akamwambia hivi: "Masikio unayo, hayo sisi hatufundishi. Macho ya nota huna, na vidole vyako vinaishi kwenye ufunguo mmoja. Ukija hapa bila kujua stafu, semista ya kwanza utalia. Una miezi kadhaa, anza leo." Akamwandikia cha kuanza nacho: skeli zote kubwa mikono miwili, na kusoma stafu kila siku hata dakika ishirini.

Binti alitoka analia kidogo. Kwenye basi akasema hicho ndio chuo. Mama hakuelewa, mtu kakwambia hujui, unapendaje? Akajibu wengine wote hakuna aliyenisikiliza.

Waliyoyaona mengine C: maktaba ina vitabu vya nadharia, kuna somo la utafiti wa muziki wa asili ambapo wanafunzi wanaenda vijijini kurekodi, piano zipo chache na ziko kwenye hali nzuri. Mafunzo ya ala ya mtu mmoja mmoja ni saa moja kwa wiki. Studio hakuna ya maana.

Kurudi B

Moyo wa binti ulikuwa umehamia C, ila nikashauri warudi B siku ya kawaida ili asije akabaki na studio kichwani miaka mitatu. Wakaenda Alhamisi. Studio imefungwa, ufunguo anao mtu ambaye hakuwepo. Wanafunzi wakasema studio wanaanza kuigusa mwaka wa pili. Daftari la chumba cha mazoezi lipo, jina la mwisho lilikuwa la zaidi ya mwezi uliopita. Mwalimu wa piano wa kwenye kipeperushi alishaondoka, wanatafuta mwingine. Ofisini waliwaambia haya yote kwa upole, hawakudanganya kitu, wageni tu siku ile ya kwanza hawakuuliza.

Maamuzi na sababu zake

B ikaondoka. Kati ya A na C mjadala nyumbani ulikuwa mkali kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwa kupiga tu, A ilikuwa mbele. Saa za mazoezi nyingi, wanafunzi wenye njaa ya kupiga. C ilikuwa na vitu vitatu: mkopo unawezekana, sharti la baba mdogo linatimia, na mtu mmoja pale anajua binti ana nini na hana nini. Wakachagua C, wakahakikisha kozi yenyewe, sio jina la chuo tu, imo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka ule. Binti akaomba vyuo viwili, akachaguliwa vyote, akathibitisha C ndani ya muda. Mama alikuwa ameshahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili, mapema kwa ajili ya maombi ya mkopo, wenzake walikuwa wanahangaika na hilo wiki ya mwisho.

Ile miezi ya kusubiri alijifunza stafu. Alikuwa anachukua nyimbo anazozijua kwa solfa anaziandika upya kwenye stafu kwa mkono wake, njia ya polepole lakini inaingia. Na kwenye kinanda cha parokia akabandika kipande cha gundi juu ya kitufe cha transpozi. Jumapili kadhaa kwaya ilipata tabu, wimbo wa mwanzo unakatika katikati, paroko akauliza kuna nini na kinanda. Alivumiliwa.

Matokeo

Mkopo ulitoka sehemu tu, baba mdogo akajazia ada. Semista ya kwanza alifaulu kila kitu, kusoma nota kwa kuona mara ya kwanza alipita kwa kuponea, uimbaji wa kusikia aliongoza darasa. Wenzake wawili walioingia kwa solfa tupu kama alivyokuwa yeye walifeli somo la nadharia wakalibeba.

Tatizo lililomkuta hakuna aliyelitarajia. Chumba cha piano pale C kinafungwa saa kumi na mbili jioni, mlinzi anachukua funguo, na Jumapili hakifunguliwi kabisa. Vipindi vinaisha saa kumi na moja. Yaani mwanafunzi wa piano ana saa moja ya kugombania na wenzake. Ufumbuzi ameupata mwenyewe: parokia ya karibu na chuo ina piano ya zamani, anawapigia misa ya pili, wao wanamwachia ufunguo jioni. Nauli ya bodaboda inakula bumu lake, pesa ya kujikimu, kila wiki.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Cha kwanza kilichofanya kazi ni kuomba kusikilizwa. Wazazi wengi wanaenda chuoni kuuliza ada, hosteli na ajira, wanarudi, na mtoto hajapiga hata noti moja mbele ya mtu atakayemfundisha. Nusu saa ile ilimpa binti tathmini ambayo kwaya nzima tusingempa, sisi tulikuwa tunamsifia tu. Na imesaidia pande zote mbili, maana binti naye aliona mwalimu anafundishaje: kampima, kakuta tundu, halafu katafuta nguvu iko wapi kabla ya kusema neno. Kuna wahadhiri wangeishia kwenye ile karatasi ya stafu, binti angerudi nyumbani anaamini hana kipaji. Ukiomba kusikilizwa ukakataliwa kwa sababu ya ratiba, sawa, omba siku nyingine. Ukikataliwa kwa sababu hakuna wa kukusikiliza, hapo umeshajibiwa.

Kurudi B siku ya kawaida kuliokoa pesa nyingi kwa nauli ya safari moja. Lakini nisiwapake B matope, mtu anayetaka kuwa prodyuza na ana uvumilivu wa kusubiri mwaka wa pili, ile studio ni ya kweli. Huyu alitaka piano.

Lililofeli ni saa za chumba. Kule A daftari lilisema lenyewe, mpaka saa nne usiku, na kwa kuwa lilikuwa wazi mbele ya macho hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kuuliza kwingine. C walikagua hali ya piano, wakabonyeza funguo moja moja, wakauliza fundi anakuja lini, wakaondoka bila kuuliza nani anashika ufunguo wa mlango na anaondoka saa ngapi. Kwa mpiga piano hilo ni zito kuliko ubora wa piano yenyewe. Mpiga gitaa anabeba chake anapigia geto, mwimbaji anaimbia hata chini ya mwembe, mpiga piano asipokuwa na mlango uliofunguliwa hana chombo. Kwa hiyo maswali ya ziara lazima yafuate ala, na huwezi kuyachukua ya mwenzako anayepiga saksafoni.

Pia hawakwenda kwa wanafunzi wa C kama walivyofanya A. Walikuwa wamefurahishwa na mhadhiri wakaona inatosha, mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili pale kantini angewaambia habari ya mlinzi ndani ya dakika mbili.

Kuhusu A kama chaguo lililoachwa, sijui kama ingekuwa mbaya. Kama mkopo ungekuwepo kwa diploma ya muziki, mimi ningempeleka A kwanza akapige miaka miwili au mitatu, kisha digrii kwa cheti cha diploma, njia hiyo ipo na ukitoka na GPA nzuri chuo kikuu wanakupokea. Pesa ndio iliamua, na hakuna haja ya kuipamba kwamba ni mapenzi ya kitaaluma. Baba mdogo naye alikuwa na hoja, ila alitakiwa aelezwe mapema kwamba digrii hii ya C sio ya ualimu moja kwa moja. Amekuja kulijua hilo baada ya semista ya kwanza na sasa kuna mazungumzo mapya nyumbani, binti atahitaji mwaka mwingine wa stashahada ya uzamili ya elimu kama anataka kuingia darasani.

Kuhusu mlango wa piano, wanafunzi wa mwaka wake wameandika barua kwa mkuu wa idara kuomba chumba kiwe wazi mpaka saa tatu usiku, wanafunzi wenyewe wawajibike na ufunguo kwa zamu na kuwe na daftari mlangoni kama la A. Wazo la daftari kalitoa binti. Mpaka naandika hapa barua haijajibiwa.